Mama haponi, mtoto bado mdogo: mambo ya kuzingatia kabla

Daktari akishasema dawa zilizobaki ni za kutuliza tu, nyumba nzima huanza kunong'ona. Mtoto wa miaka minne anaona watu wakinyamaza akipita, na anajua kuna jambo. Asilolijua ni jina lake. Kwa hiyo, kabla ya makaratasi, maradhi yatajwe: "Mama ana saratani. Haiambukizi, mkumbatie tu. Na si wewe uliyemtia." Hilo la mwisho asemezwe hata kama hakuuliza, maana watoto wa umri huo hudhani utundu wao ndio uliomuumiza mama.

Siku ikifika, asiambiwe "amesafiri". Kwetu Pemba safari ni boti, na boti hurudi. Mtoto wa jirani yangu aliambiwa hivyo. Kila ikilia honi bandarini Mkoani, anavaa kandambili na kusimama mlangoni. "Amelala" ndiyo mbaya zaidi, usiku hatafumba jicho. Semeni amekufa, kisha mweleze kwa utaratibu habari za Mola wake.

Maumivu yaulizwe mapema, yasisubiri usiku wa manane wala boti ya kesho. Mofini ya maji ipo kwa kazi hiyo, chini ya daktari. Mama aliyetulizwa anaweza kumsuka mwanawe nywele.

Atakayemlea aanze sasa. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, mama akiondoka hadhana, yaani haki ya kumlea mtoto, humwendea bibi mzaa mama kabla ya baba. Lakini haki si mazoea. Bibi aanze kumwogesha, kumpeleka chuoni kwa Kurani, kulala naye siku mbili tatu kwa wiki, mama angali yupo wa kuulizwa kwa nini uji anaukataa.

Cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki viwekwe mfuko mmoja.

Mali ndiyo inayogombanisha ndugu. Madeni hulipwa kwanza, na upatu ni deni. Mama ataje anadaiwa na nani. Wasia hauzidi thuluthi ya mali, tena haumwendei mrithi bila ridhaa ya warithi wenzake, na mtoto ni mrithi. Mume ana robo, wazazi wa marehemu sudusi (moja ya sita) kila mmoja. Wengi hudhani bangili za dhahabu akimvisha binti akiwa kitandani mambo yamekwisha. Hayajesha: zawadi ya maradhi ya mauti huhesabiwa kama wasia. Akitaka kumpa, awaite mumewe na wazazi wake, waridhie mbele ya mashahidi, na watakaporithi waithibitishe.

Jambo dogo ambalo husahaulika: kanga moja aliyokuwa akijifunga itiwe kando mapema, kwenye mfuko uliofungwa. Msiba ukiingia, wanawake hufua kila kitu, na nguo nyingine hutolewa sadaka. Hiyo isifuliwe.