Lushoto hadi Mtae na kijana wako: namna ya kumkabidhi safari hatua kwa hatua

Mwanangu wa kwanza alitembea kutoka Lushoto mjini hadi Irente akiwa na miaka sita, mkono wake umo mkononi mwangu, na kila tukipumzika anadai ndizi. Alipofika miaka kumi na mitatu alinijibu, "Mama, nendeni tu, mimi nabaki." Nilidhani amechoka na milima. Kumbe amechoka kupelekwa. Tangu hapo kila safari namkabidhi jambo moja la kuliamua, na sasa mdogo wake wa kike naye amefikia umri huo. Ninavyofanya ni hivi.

Hatua ya 1: Chagua njia inayosamehe makosa

Kijana anayejifunza kuongoza atakosea, kwa hiyo mpeleke mahali ambapo kosa halina gharama kubwa. Milima ya Usambara Magharibi, mkoani Tanga, inafaa sana. Lushoto iko kwenye mita kama 1,400 hivi, hewa ni ya baridi, vijiji viko karibu karibu, na kila shambani kuna mtu wa kumwuliza njia. Sisi hutumia siku tatu: tunapita msitu wa Magamba na kulala Lukozi, siku ya pili tunafika Rangwi, ya tatu tunamalizia Mtae, pale milima inapokatika ghafla na nyika ya Mkomazi ikaonekana chini.

Kilimanjaro isubiri. Ukivuka mita 2,500 hivi, ugonjwa wa mwinuko huanza kuwezekana, na kijana huficha maumivu ya kichwa ili asionekane dhaifu. Mkienda huko baadaye, kituo cha kwanza cha njia ya Marangu, Mandara, kiko mita 2,720. Mweleze kabla hamjaondoka kwamba anayeumwa kichwa na kusikia kichefuchefu hapandi zaidi, na akizidiwa anashushwa hata kama ni usiku.

Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na kibali hulipiwa kabla ya kuingia. Chukueni mwongozaji wa hapo hapo. Mwambie tangu mwanzo kwamba kijana ndiye atakayetangulia, na yeye awe nyuma yake kama mwalimu, asimfanyie kila kitu.

Hatua ya 2: Mpe ramani na hesabu

Pakua ramani kwenye simu yake, si yako, maana milimani mtandao hupotea. Kisha mfundishe kanuni aliyoitoa Naismith, mpanda milima Mskoti, mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Siku yenye kilomita 15 na mita 900 za kupanda inatoka saa tatu, jumlisha saa moja na nusu. Hiyo ni kwa mtu mzima asiyesimama. Kwa familia yenye mizigo ongeza nusu yake, inakaribia saa saba.

Halafu mwulize: tukitaka kufika saa nane mchana, tuondoke saa ngapi? Akishajibu mwenyewe kwamba ni saa moja asubuhi, hutagombana naye kuhusu kuamka. Nimejaribu njia zote mbili. Ya kumwamsha kwa amri ilitupotezea asubuhi nzima. Kuwahi kuna faida nyingine pia: miezi ya mvua, ngurumo hupenda kuanza mchana, na hakuna anayetaka kuwa juu ya kilele wazi radi zikipiga. Sisi huenda likizo ya Juni. Ni kavu, lakini usiku ni baridi kweli kweli, sweta zito na kofia ya sufu si vya kuacha.

Hatua ya 3: Pima mzigo kwa mizani

Hapa ndipo wazazi wengi hukosea, na mgongo wa mtoto ndio unaolipa. Mwili wa umri huu hurefuka haraka kuliko misuli inavyopata nguvu. Anza na sehemu moja ya kumi ya uzito wake, na usizidishe asilimia 15. Mtoto wa kilo 40 anabeba kilo 4, zikizidi sana 6, maji yakiwemo. Usikadirie kwa kuinua. Nenda duka la nafaka, omba begi liwekwe kwenye mizani. Binti yangu alipoona kilo 8 zimesoma, alitoa vitu mwenyewe bila kuambiwa: jozi ya pili ya viatu, chupa kubwa ya losheni, jinzi mbili.

Begi liwe na mkanda wa kiunoni, ufungwe juu ya mifupa ya nyonga ili uzito ukae huko na si mabegani. Kamba zirekebishwe upya kila safari. Mtoto wa mwaka jana siye wa mwaka huu.

Viatu vivyo hivyo. Vya mitumba vinafaa kabisa kama soli haijalika, lakini mpimishe jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na amevaa soksi atakazotembea nazo. Kidole gumba chako kiingie kati ya kidole chake kirefu na ncha ya kiatu, maana kwenye mteremko mguu husukumwa mbele. Avivae nyumbani wiki mbili. Kucha zikatwe siku mbili kabla. Na afahamu kwamba akihisi joto mahali pamoja mguuni, asimame hapo hapo abandike plasta. Akingoja hadi kijijini atakuta lengelenge limeshajaa.

Hatua ya 4: Yanayohusu mwili yasemwe nyumbani

Msichana anaweza kuingia hedhini njiani, pengine kwa mara ya kwanza, kwa sababu umri ndio huo. Kwetu Tanga mambo haya hufundishwa na somo, yaani mwanamke anayemfunda msichana, au na shangazi, na shangazi yake ndiye aliyempangia mfuko wake: pedi, chupi mbili za akiba, sabuni, dawa ya maumivu, na mfuko mweusi wa kurudishia pedi zilizotumika, kwani haziachwi msituni. Mfuko huo anao yeye, hauombi kwa mtu. Kaka yake pia alielezwa, kwa adabu, ili dada akiomba kusimama pasiwe na maswali.

Choo cha porini: hatua zipatazo 70 kutoka kwenye kijito, shimo la kina cha kiganja kirefu, kisha lifukiwe.

Hatua ya 5: Sheria ya njia panda

Vijana hukimbia mbele. Usiwazuie, wanahitaji kusikia msitu bila sauti ya mzazi. Lakini Usambara imejaa vijia vya mashambani vinavyofanana. Mwaka mmoja mwanangu alishika kijia kisicho chake baada ya Manolo, tukatafutana dakika arobaini, na kosa lilikuwa langu kwa sababu hatukuwa tumekubaliana lolote. Sasa sheria ni moja: nenda mbele utakavyo, ila kila njia panda, kila mto na kila mlango wa msitu unasimama hadi umwone wa mwisho kwa macho. Kila mtu ana filimbi. Mlio mara tatu maana yake njooni.

Akikosea njia na si hatari, nyamaza kidogo. Mwache aitazame ramani, akamwulize mama anayepalilia. Binti yangu alijifunza salamu za Kisambaa kwa njia hiyo.

Kuhusu chakula, beba zaidi ya unavyofikiri. Kijana wa miaka kumi na minne hula kama watu wawili: viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, karanga, maparachichi ya kununua njiani. Akinuna ghafla, mpe kitu ale kabla hujamwuliza ana nini. Maji yachemshwe usiku mnapolala, na anywe nusu lita hivi kwa saa.

Hatua ya 6: Mwache aje na mwenzake

Binamu au rafiki mmoja hubadilisha safari nzima. Zungumza na wazazi wake ana kwa ana, uliza kuhusu pumu, mzio na dawa, na chukua kadi yake ya bima. Mkiwa kijijini, wapangie chumba chao au hema lao. Mazungumzo ya simu yangoje jioni, mchana simu ni ya ramani na picha tu, ili chaji ibaki.

Mtae mtafika mchana. Waache wakae ukingoni mpaka jua lizame, wewe ukaulizie basi la kurudi Lushoto. Huondoka alfajiri na mapema, bado giza, na likikuacha umepoteza siku. Kengele ya kuamka tuliiweka kwenye simu ya mwanangu. Alinigongea mlango saa tisa na nusu usiku, begi liko mgongoni, mkanda wa kiunoni umeshafungwa.