Kumwonya ndugu aliyekosa: lini useme, lini unyamaze, uanzeje

Kosa la mtu husambaa kanisani kwa njia tunayoijua sote. Mmoja ameona, hakumwambia mhusika, akamnong'oneza jirani: "Tumwombee fulani." Kufikia Jumatano jumuiya nzima ina habari, isipokuwa mwenye kosa. Yesu aliifunga njia hiyo katika Mathayo 18:15: "enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu." Utaratibu huo ni sehemu ya agizo lenyewe. Ukianza na mtu wa pili, hata kwa jina la maombi, umeshamkosea ndugu yako kabla hujafika mlangoni kwake.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Jiulize kwanza kama jambo lenyewe ni dhambi au ni mazoea ya kanisa lenu. Suruali kwa wanawake, mtindo wa nywele, kupiga makofi ibadani: hayo yamegombanisha watu wengi bure. Warumi 14 iliandikwa kwa ajili ya mambo ya namna hiyo. Kama huwezi kuitaja kwa sentensi moja amri iliyovunjwa, kaa kimya.

Pili, umeona mwenyewe au umesikia? Uliyoyasikia si yako kuyapeleka. Mrudie aliyekwambia, umwambie: "Uliyeona ni wewe, nenda wewe." Wengi hapo hupunguza habari yao nusu nzima.

Tatu, mtu huyo ni wa imani yako? Katika 1 Wakorintho 5:12-13 Paulo anaeleza wazi kwamba hukumu ya kanisa ni kwa walio ndani, walio nje huhukumiwa na Mungu. Mfanyakazi mwenzako asiye Mkristo hukutumwa kumhesabia chupa. Kwake una nafasi mbili za kusema. Ya kwanza ni anapouliza, nawe umjibu kuhusu tumaini lako "kwa upole na kwa hofu," kama 1 Petro 3:15 inavyoagiza. Ya pili ni anapokutaka ushiriki, tuseme usaini risiti ya mafuta ambayo hayakununuliwa. Hapo jibu fupi latosha: "Kaka, hiyo sitasaini, imani yangu hainiruhusu." Hotuba haihitajiki.

Kisha boriti ya Mathayo 7. Yesu hakusema kibanzi cha mwenzako kiachwe, alisema toa boriti kwanza ndipo uone vizuri. Kama nawe unadaiwa na kikundi na hulipi, lipa kwanza, halafu ndiyo uende.

Si kila kosa hudai maneno. Neno kali la mara moja kutoka kwa mtu aliyechoka, upendo hulisitiri. Sema pale kosa linapojirudia, linapomuumiza mtu mwingine, au linapomtoa ndugu katika imani. Ukishaamua, usipitishe wiki moja. Anayengoja miezi mitatu hukusanya orodha, na siku ya kusema hutoa yote kwa pamoja. Mwenzake hasikii kosa tena, anasikia chuki tu.

Mambo yasiyopitia hatua hizi

Mtoto aliyeharibiwa, mwanamke aliyebakwa, mtu anayepigwa nyumbani: usimfuate mtenda kosa "wewe na yeye peke yenu." Ukimfuata unampa muda wa kuficha ushahidi na kumtisha aliyeumizwa. Mpeleke aliyeumizwa hospitali ndani ya saa 72, maana dawa za kuzuia VVU baada ya hapo hazifai. Asioge, na nguo zake zisifuliwe. Nchini Tanzania nendeni dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi na kwa ustawi wa jamii. Namba 116 ya mtoto hupigwa bure, Tanzania na Kenya pia. Wazee wa kanisa wanaoitisha kikao "tuyamalize kifamilia" wanamkosea Mungu na wanamkosea mtoto. Msamaha hauzuii kesi.

Mazungumzo yenyewe

Tuseme katibu wa kwaya ni kijana wa miaka 26. Daftari linaonyesha michango ya sare ni shilingi 480,000, risiti ya fundi ni ya 300,000. Mhazini ni mama wa rika la mama yake. Asimtumie ujumbe, kwa sababu maandishi hayana sauti, na husomwa kwa hasira ya msomaji. Tena hupigwa picha yakatumwa kwenye kundi. Amfuate nyumbani alasiri, si saa ya kupika, akiwa na daftari na risiti mkononi. Waketi kibarazani, mahali wanapoonekana na majirani lakini hawasikiki. Mwanamume na mwanamke wasijifungie ndani kwa jambo kama hili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

Anywe maji anayopewa, aulize hali ya watoto. Dakika tano zatosha. Akizunguka nusu saa, mama ataanza kukisia na atajifunga. Kisha aseme:

"Mama, nimekuja kwa jambo moja, na sijamwambia mtu mwingine. Daftari lina 480,000, risiti ya fundi ni 300,000. Hizo 180,000 nimezitafuta sijaziona. Nikaona nikuulize wewe kwanza."

Baada ya hapo anyamaze. Kunyamaza huko ndiko kugumu kuliko yote, na wengi hukuharibu kwa kuongeza maneno.

Katika maneno hayo hakuna sifa mbaya hata moja, zipo hesabu tu. Ameuliza, hajahukumu, huenda vitambaa vilinunuliwa kando na risiti iko kwenye mkoba. Hakusema "watu wanalalamika," maneno ambayo humfanya mtu atafute ni nani hao badala ya kujiangalia. Hakufungua na mstari wa Biblia pia. Mstari ukitangulia, mama huona amekuja kushitakiwa mbele ya Mungu kabla hajasikilizwa. Na heshima haikuondoka: 1 Timotheo 5:1 inataka mzee aonywe kama baba, na mstari unaofuata unataka mama mzee awe kama mama.

Akikiri, msiishie kwenye machozi na maombi. Mpange: elfu 30 kwa mwezi, miezi sita, iandikwe. Hapa kuna mtego. Kijana akiahidi "hili litabaki kati yetu," amejifunga, kwa kuwa fedha ni za kwaya. Usiahidi siri usiyo na haki ya kuitunza. Aseme: "Mama, mwenyekiti lazima ajue. Ni vema umwambie wewe mwenyewe kabla ya Jumapili, nami nitakusindikiza ukitaka."

Akiwaka hasira, asibishane. "Nimekusikia mama. Nitapita tena Jumamosi." Wako wanaokataa jioni na kukubali asubuhi.

Akikataa

Hatua ya pili ni mmoja au wawili zaidi, ndani ya wiki mbili. Usichukue marafiki zako. Chagua mtu ambaye yeye anamheshimu, pengine shemasi aliyemsimamia ndoa. Waeleze jambo hilo tu, na uwaachie nafasi ya kukwambia kwamba aliyekosea ni wewe. Mashahidi wanaokuja na uamuzi mkononi ni genge.

Hatua ya tatu ni kanisa, yaani mchungaji na baraza la wazee, au paroko, kwa taratibu zenu. Isiwe mafumbo mimbarani, wala vijembe kwenye status, wala kumvalia kanga yenye jina la kumchoma. Mlengwa huumia bila nafasi ya kujibu, na wasiohusika hudhani ni wao.

Kiongozi naye hana kinga. 1 Timotheo 5:19 inadai mashahidi wawili au watatu kwa mashitaka dhidi ya mzee wa kanisa, na mstari unaofuata unataka anayedumu katika dhambi akemewe mbele ya wote. Huko Antiokia Paulo alimpinga Petro hadharani, kwa kuwa Petro alijitenga na watu wa Mataifa hadharani. Kosa la siri huonywa kwa siri, la wazi huweza kujibiwa wazi. Kwa watawala mfano wetu wa karibu ni Uganda, Februari 1977: Askofu Mkuu wa Kianglikana Janani Luwum na maaskofu wenzake waliweka malalamiko yao dhidi ya utawala wa Idi Amin kwenye barua waliyoitia saini. Luwum aliuawa tarehe 16 mwezi huohuo. Walisema pamoja, kwa majina yao, na waliyempelekea barua alikuwa mhusika mwenyewe.

Siku ya kurudi

Mtu akitubu, Jumapili inayofuata kaa naye benchi moja. Katika 2 Wakorintho 2:7 Paulo alihofu kwamba mtu wa namna hiyo angemezwa na huzuni, na huzuni hiyo kwa kawaida huanzia kwenye salamu zilizopungua. Mama arudi kuimba hiyo hiyo Jumapili. Daftari la fedha lishikwe na mwingine kwa mwaka mmoja, na aelezwe hivyo uso kwa uso ili asije akalisikia kikaoni. Elfu 30 ya mwisho ikilipwa, katibu aandike "imelipwa yote," watie saini wote wawili, na ukurasa ufungwe.