Ukikuta kanda ya zamani ya bendi juu ya kabati: namna ya kuiokoa ukiwa Dodoma

Ndugu zangu, kama kwenu kuna boksi la kanda za video limekaa juu ya kabati toka enzi za mzee, lishusheni leo. Sio muziweke kwenye deki, hapana, kuzishusha tu kwanza, maana lile joto la chini ya bati mwezi wa kumi na moja linazimaliza taratibu na nyie hamna habari. Naandika hivi kwa sababu mwaka huu nimeshika mkononi kitu ambacho wazee wa Majengo wanakisimulia tangu niko mdogo: shoo ya bendi moja ya dansi ya hapa mjini, ukumbi umejaa mpaka watu wamekaa madirishani, katikati ya wimbo umeme ukakatika na bendi haikusimama. Magitaa yalinyamaza, zikabaki tumba na dramu na tarumbeta, ukumbi mzima ukaimba gizani mpaka jenereta ilipowaka. Kila mzee ana namna yake ya kuisimulia na hakuna aliyewahi kuiona tena, tukajua ndo imebaki mdomoni. Kumbe marehemu mjomba wangu alikuwepo na kamera.

Kanda yenyewe imeandikwa kwa kalamu ya bluu "Harusi Kongwa 92". Na kweli mwanzo ni harusi, dakika arobaini na kitu za watu wanakula pilau na bibi harusi kainamisha kichwa, halafu picha inaruka ghafla uko ukumbini. Kwa hiyo jambo la kwanza kabisa, usiiamini lebo. Enzi hizo kanda ilikuwa ghali, mpiga video akimaliza kazi ya mteja ile sehemu iliyobaki anarekodi mambo yake. Ukikutana na chenga tupu dakika kumi iache iende, fika mpaka mwisho.

Na mjue kwa nini nahangaika hivi. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994, Zanzibar wenzetu walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, lakini huku Bara muziki ulikuwa wa redio. Radio Tanzania walirekodi bendi nyingi sana, sauti zipo, ila picha inayotembea ya bendi ya mkoani kabla ya 1994 ukiipata ujue karibu kila mara ilipigwa na mtu binafsi aliyeletewa kamera na ndugu toka Uarabuni, au aliyeachiwa na mzungu wa misheni. Na sio bendi peke yake. Mzee Hukwe Zawose wa Doduma hapa hapa kwetu, yule mpigaji wa ala za asili za Wagogo, aliyezaliwa 1938 akafariki 2003, alifika mpaka kufungua shoo za Peter Gabriel, yule mwanamuziki wa roki wa Uingereza, kwenye ziara ya Marekani 2002. Ukisikia ilimba (ile ala ya kubonyeza vyuma kwa vidole gumba) au zeze kwenye kanda ya sherehe ya kijijini usiharakishe kupeleka mbele, kaa usikilize ni nani anapiga.

Wenzetu wanalijua hili. 2022 Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa hadharani dakika 26 za filamu ya tamasha la Altamont, California, la tarehe 6 Desemba 1969, lile la bendi ya roki ya Rolling Stones ambalo kijana mmoja aliuawa karibu na jukwaa. Ni filamu ya kamera ndogo ya nyumbani, imekaa zaidi ya miaka 50 bila watu kuiona na haina sauti hata kidogo. Hawakuitupa kwa sababu haina sauti, waliitoa ilivyo. Kanda ya mjomba ni kinyume chake, pale umeme ulipokatika kuna dakika nne za sauti bila picha, kamera inatumia betri kwa hiyo iliendelea kurekodi giza. Mara ya kwanza niliipeleka studio moja waniingizie kwenye DVD, nikarudishiwa imesafishwa vizuri kabisa, rangi safi, na zile dakika nne wamezikata kwa sababu "hazina picha". Ndo dakika zenyewe hizo! Nilirudi nyumbani na kanda yangu nikaamua kuifanya kwa mkono wangu, na hayo ndo nataka kuwapa hapa.

Anza kujua umeshika nini. Ile kubwa kama kitabu ni VHS. Ndogo ziko mbili na watu wanazichanganya sana: VHS-C inaingia kwenye adapta halafu unaiweka kwenye deki ya kawaida ya VHS, lakini Video8 haina adapta ya hivyo, haijawahi kuwepo, mtu akikuuzia adapta ya Video8 ya kuweka kwenye deki ya VHS amekuibia. Video8 inataka kamera ya Video8 au Hi8 yenyewe. Halafu soma maandishi: VHS iliyoandikwa E-180 ni ya mfumo wa picha wa PAL ambao ndo wa kwetu, iliyoandikwa T-120 ni ya NTSC ya Marekani na Japani. Kwenye Video8, P5 ni PAL na P6 ni NTSC. Ukicheza kwa mfumo usio wake utaona picha nyeusi na nyeupe inaruka ruka utadhani kanda imekufa, kumbe nzima.

Kabla ya yote zuia isirekodiwe juu. VHS ina kidude cha plastiki mgongoni, kivunje. Kama kilishavunjwa na mtu akabandika solotepu pale, itoe hiyo solotepu. Video8 ina kitelezeo, sogeza rangi nyekundu ionekane. Ni kazi ya sekunde tano, usiiruke, mtoto akibonyeza kitufe chekundu kwenye kamera umepoteza kila kitu.

Sasa iangalie kwa tochi kupitia kidirisha. Hapa Dodoma tuna bahati moja, ukame wetu huu, wenzetu wa Tanga na Dar ukungu unawala kanda, sisi ukungu ni mara chache sana. Ukiona vitu vyeupe kama unga wa muhogo pembeni ya utepe ndo wenyewe huo, usiiweke kwenye mashine yoyote, itachafua mashine na mashine itachafua kanda nyingine, mpelekee mtu anayejua. Kama uliyoikuta ni filamu ya reli na inanuka siki, inaoza, usiipitishe kwenye projekta, itunze sehemu ya baridi wakati unatafuta wa kuiskani.

Bahati mbaya yetu ni vumbi. Kwenye deki ya PAL ile ngoma yenye hedi, yaani vidude vinavyosoma utepe, inazunguka mara 1500 kwa dakika ikiugusa utepe, sasa piga picha punje moja ya mchanga imekaa katikati hapo. Mi nafanya kazi hii asubuhi na mapema kabla upepo haujaanza, madirisha nafunga, sakafu napiga deki kwa maji sio kwa ufagio, meza naifuta na kitambaa kibichi na naiacha ikauke kabisa ndo natoa kanda. Mwezi wa saba na wa nane upepo ukiwa mkali siigusi kabisa mchana.

Mashine ya kuchezea ndo shida kubwa. Kiwanda cha mwisho kinachojulikana kutengeneza deki za VHS, Funai wa Japani, kiliacha 2016, kwa hiyo zilizopo ndo hizo hizo. Ulizia mafundi wa redio na TV, wale wenye TV za chogo zimepangwa nje, mara nyingi deki iko chini ya meza imefunikwa gunia. Ukiipata usianze na kanda yako ya thamani! Chukua kanda ya hovyo ambayo hata ikiliwa huumii, icheze dakika ishirini, ipeleke mbele na nyuma, itoe uone kama utepe umejikunja au una mikwaruzo. Ikitoka salama ndo unasafisha hedi. Tumia spiriti ya asilimia 99, sio ile ya kidonda ya asilimia 70 ambayo ina maji, na usitumie pamba maana nyuzi zake zinanasa kwenye hedi na kuzing'oa. Kipande cha ngozi laini, loanisha kidogo, kishikilie kimetulia kwenye ngoma halafu ngoma yenyewe ndo uizungushe kwa kidole. Usisugue juu chini hata siku moja, hedi ni nyembamba mno, inavunjika. Acha ikauke nusu saa.

Kanda nayo ikae chumba hicho hicho na deki siku nzima ili vizoeane joto. Kama ni VHS na utepe umelegea, bonyeza kidude cha kufungua halafu uukaze kwa kuzungusha gurudumu taratibu kwa kidole mpaka unyooke.

Kwenye kompyuta unahitaji kile kifaa cha USB chenye matundu matatu, njano ni picha, nyeupe na nyekundu ni sauti. Kamera nyingi za Video8 ni mono, zina nyeupe tu, kwa hiyo sauti itaingia sikio moja, usishtuke, kwenye programu chagua mono. Natumia OBS, ni programu ya bure ya kurekodi. Weka ukubwa 720 kwa 576, fremu 50 kwa sekunde, na sehemu ya kuondoa mistari chagua Yadif 2x, hapo mikono ya mpiga tumba itaonekana inatembea kama ilivyokuwa inatembea, ukiweka 25 inakuwa na ukakasi fulani. Kiwango cha data (bitrate) weka 8000 Kbps, saa moja itakula kama GB 3.6. Na hili shikeni sana: rekodi kwa faili la aina ya MKV, msirekodi kwa MP4, kwa sababu umeme ukikatika katikati MP4 inaharibika yote, MKV inabaki mpaka pale ilipofikia, ukimaliza unaigeuza kuwa MP4 humo humo ndani ya OBS bila kupoteza kitu. Laptopu iwe na chaji imejaa.

Sauti weka chini kuliko unavyodhani. Usipime kwa maneno ya mshereheshaji, vigelegele na tarumbeta vitakuja kupasua, na sauti ndogo utaiongeza baadaye ila iliyopasuka hairudi. Halafu bonyeza rekodi kwanza ndo ucheze kanda, toka sekunde ya kwanza, bila kujaribu jaribu, maana kuna kanda zilizochoka zinakubali kucheza mara moja tu. Kaa hapo hapo. Usiende kupika.

Faili hilo la kwanza usiliguse tena maisha yako. Nakili, na kwenye nakala ndo fanya utundu wote unaotaka. Mi kwenye nakala niliongeza mwanga pale gizani, na katikati ya zile dakika nne kuna mtu anawasha kiberiti, sekunde mbili hivi, unaona uso wa mpiga tumba kafumba macho, jasho linamtoka, na nyuma yake kinamama wawili wanapiga makofi. Kwenye DVD ya studio hiyo haipo.

Ukishapata picha tafuta watu. Usiwatumie wazee kipande cha WhatsApp kilichobanwa hawaoni kitu, wapelekee kwenye TV, mmoja mmoja, na daftari mkononi uandike dakika na jina. Waachie waongee hata nje ya mada. Tarehe inayoonekana pembeni ya picha msiiamini, wengi hawakuwahi kuiseti. Angalieni vitu: watu wanapomtunza mwimbaji kwa kumbandika hela kwenye paji la uso, noti yenye sura ya Mzee Mwinyi inakupa mwanzo wa kuhesabu, maana alikuwa Rais 1985 hadi 1995. Fulana ya chama kingine zaidi ya CCM inakuambia ni baada ya vyama vingi kurudi 1992. Maneno ya kanga pia, mama yangu alisoma kanga moja pale akasema hiyo aliinunua mwaka aliomzaa mdogo wangu.

Kuhusu kuipandisha mtandaoni subirini kidogo. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 hata wapigaji wenyewe wana haki zao kwenye onesho, na hakimiliki ya mtunzi inaendelea miaka 50 baada ya kufariki, kwa hiyo kuwa na kanda sio kumiliki muziki. Ndo maana hapa sijataja jina la bendi. Kuna familia mbili za wanamuziki nimeshaongea nazo, moja imekubali, nyingine mama mjane ameomba aangalie kwanza na watoto wake wakija likizo, na mi nasubiri. Wakati huo nakala ziko tatu, moja kwangu kwenye hadi diski, moja kwa dada yangu Singida, moja kwa mtoto wa yule mpiga tumba.

Kanda halisi usiitupe kwa vile umeshaihamisha. Ipeleke mpaka mwisho, irudishe mwanzo, isimamishe wima kama kitabu ndani ya kopo lenye mfuniko, mbali na spika maana sumaku inafuta, na usiweke tena juu ya kabati. Lebo mpya nimeibandika kwenye boksi, ina jina la ukumbi, dakika shoo inapoanzia na majina saba tuliyoyapata mpaka sasa. Ile ya "Harusi Kongwa 92" nimeiacha pale pale kwenye kanda, mwandiko ni wa mjomba.