Masta silinda ya klachi: pima kipenyo kabla ya kununua

Ukiitoa Chevrolet Camaro ya 1969 kwenye klachi yake ya vyuma vya kusukumana na kuifunga ya mafuta, usichague masta silinda (pampu ndogo inayosukumwa na pedeli ya klachi) kwa kuangalia inayoenea tu pale kwenye ukuta kati ya injini na ndani ya gari. Angalia kipenyo cha ndani. Ya inchi 3/4, pistoni ikisogea milimita 25, inasukuma takriban sisi 7 (cc, yaani sentimita za ujazo) za mafuta. Ya inchi 7/8 inasukuma karibu sisi 10. Kwa hiyo anza na silinda ya chini, ile inayopokea mafuta na kuachisha klachi: inahitaji sisi ngapi ili klachi iachie kabisa? Masta ikiwa ndogo mno, gia zitakwaruza. Ikiwa kubwa mno, pedeli inakuwa nzito, na klachi inaweza kusukumwa kupita kiasi hadi ikaharibika. Mimi ningefunga kizuizi cha pedeli hata kama hesabu imekaa sawa.

Jambo lingine ambalo wengi hulipuuza, na linaniuma: fito ya kusukuma pistoni iingie imenyooka. Ikikaa upande, raba za ndani zinalika upande mmoja na mafuta yanaanza kuvuja miguuni.