Ritifaa ya ng'ombe inavyomaliza salio

Mimi ni katibu wa ushirika mdogo wa maziwa. Kila wiki nawatumia wafugaji ujumbe: siku ya chanjo, bei ya lita, nani hajachukua fedha zake. Neno ng'ombe halikosi. Mwezi mmoja salio la ujumbe likaisha kabla ya tarehe 15, nikadhani tumeibiwa. Kumbe ujumbe wa herufi 140 ulikuwa unahesabiwa kama jumbe tatu, na mchawi ni ritifaa, ile alama ndogo ya juu kwenye ng'ombe.

Ritifaa ziko mbili. Ya wima (') ndiyo iliyo kwenye kibodi. ASCII, orodha ya Marekani ya mwaka 1963 inayoipa kila herufi ya kompyuta namba yake, yenye nafasi 128 tu, iliipa namba 39. Iliyojikunja (’) huwekwa na Word kwa kujipendekeza. Hiyo ASCII haiijui. Kwenye Unicode, orodha kubwa ya herufi za lugha zote, ni namba 8217.

SMS moja hubeba baiti 140, yaani biti 1,120. Orodha ya kawaida ya simu huipa kila herufi biti 7, kwa hiyo zinaenea 160. Ritifaa iliyojikunja haimo humo. Ikiingia moja tu, ujumbe mzima unahamia kwenye biti 16 kwa kila herufi: zinabaki 70. Ukizidi hapo unakatwa vipande vya herufi 67, maana nafasi kidogo huliwa na maelezo ya kuviunganisha. Herufi zangu 140 zikawa 67, 67 na 6. Hizo 6 nililipia ujumbe kamili!

Basi andika kwenye Notepad, ambayo haikunji ritifaa. Kama maandishi yametoka Word, yabandike Notepad, bonyeza Ctrl+H, weka iliyojikunja kisanduku cha juu na ya wima cha chini, kisha badilisha zote. Usifanyie kazi hii ndani ya Word, itazikunja upya. Labda ubonyeze Ctrl+Z papo hapo kila unapoiandika. Alama za kunukuu na kistari kirefu vina ugonjwa huohuo. Na usiifute ritifaa kabisa, kama afanyavyo mwenzangu mmoja: ng'oa ni kazi ya jembe, ngoa ni wivu.

Kabla ya kutuma, tazama kihesabio cha herufi. Kikishuka kutoka 160 hadi 70 mara tu unapobandika, kuna moja imejificha.

Mhasibu naye alinipigia kelele: kwenye orodha ya wanachama, safu ya mifugo imeandikwa “ngâ€™ombe”. Faili lilihifadhiwa kwa UTF-8, namna ya kuandika herufi za Unicode kwa baiti, ambamo ritifaa iliyojikunja ni baiti tatu, E2 80 99. Excel ikazisoma moja moja kwa orodha ya zamani ya Windows, ikapata â, € na ™. Ukikutana na hilo, funga bila kuhifadhi. Fungua karatasi tupu, nenda sehemu ya data, leta faili la maandishi kutoka huko, na panapoulizwa asili ya faili chagua 65001, namba ambayo Microsoft wameipa UTF-8.

Sasa mwenyekiti anataka salamu za Krismasi ziwe na kile kikatuni cha ng'ombe cha kwenye simu. Nimemwambia kikatuni nacho kinaushusha ujumbe hadi herufi 70, na chenyewe kinakula nafasi mbili kati ya hizo, kwa hiyo achague: ng'ombe, au majina ya kamati nzima.