Askari wa Tanga, 1914: kuunganisha na kupaka rangi sanamu ya milimita 28

Mwongozo huu ni wa sanamu moja tu: askari Mwafrika wa jeshi la Wajerumani, aliyesimama na bunduki yake, wa aina inayotumika katika michezo ya vita ya mezani. Milimita 28 hupimwa toka unyayo hadi machoni, kwa hiyo uso wake wote hauzidi punje ya hindi.

Nimemchagua makusudi. Mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, kati ya Wajerumani na Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, yalipiganwa kwetu, na waliokuwa mstari wa mbele ni watu wetu. Lakini sanamu zao nyingi ninazoziona zimepakwa rangi moja nyeusi usoni, basi, kazi imeisha. Kofia ina vivuli vitatu, buti zina vivuli viwili, uso hauna kitu. Mtu huyo alikuwa na sura. Ndiyo maana hatua ya ngozi humu nimeiandika kwa urefu, na nyingine nimezipita haraka.

Vifaa

Tupa ndogo, kisu chenye ncha kali, msasa laini, gundi ya super glue, keekee ndogo ya mkono yenye ncha ya milimita 1, praima ya kupuliza (rangi ya msingi inayoshikisha rangi nyingine), rangi za akriliki za maji, brashi mbili (moja nene kiasi, moja yenye ncha nzuri) na vanishi isiyong'aa. Tupa, msasa na gundi nanunua Kariakoo, soko lililobeba jina la kikosi cha wapagazi wa vita hiyohiyo. Brashi usibane pesa. Ubora wa brashi uko kwenye ncha, siyo kwenye wembamba: brashi nyembamba mno hukauka rangi kabla haijafika usoni.

Hatua ya kwanza: kusafisha

Sanamu za askari hawa nyingi ni za madini laini yenye bati, yaliyomiminwa kwenye kalibu ya vipande viwili. Pale vipande vilipokutana hubaki mstari mwembamba unaopita kichwani, mabegani na miguuni. Mgeuze askari wako polepole chini ya taa mpaka umeuona wote, kisha uuondoe kwa tupa. Penye mikunjo ya nguo tumia kisu, lakini kwa kukwangua, siyo kukata. Mstari ukiuacha usoni, rangi haiufichi, bali inautangaza.

Sanamu za zamani zina risasi ndani yake. Usimshike mdomoni, futa vumbi la tupa kwa kitambaa chenye maji, na unawe mikono kabla ya kula. Mwisho mwoshe askari kwa sabuni ya vyombo na mswaki mkuukuu, maana mafuta ya kalibuni na ya vidole huzuia praima kushika.

Hatua ya pili: kuunganisha

Kwa kawaida huja na mkono au bunduki pembeni. Jaribu kwanza bila gundi mpaka vipande vikae. Super glue kidogo inashika kuliko nyingi: tone la ukubwa wa kichwa cha pini, bana, hesabu hadi sitini.

Udhaifu wa gundi hii ni kwamba haipendi mshtuko. Askari akidondoka sakafuni, mkono unaruka. Kwa hiyo toboa tundu lenye kina cha milimita chache kwenye bega na lingine kwenye mkono, tia kipande cha waya wa klipu ya karatasi katikati, ndipo ugundishe. Ili matundu yalingane, weka nukta ya rangi mbichi upande mmoja, gusisha upande wa pili, na toboa palipoachwa alama.

Ukiwa na sanamu za plastiki, gundi ni nyingine kabisa: ile ya plastiki inayoyeyusha pande zote mbili na kuzifanya kitu kimoja. Kwenye madini haifanyi kazi.

Hatua ya tatu: praima, na jua la utosini

Mgundishe askari juu ya kizibo cha chupa ili usimshike tena kwa vidole. Puliza praima nyeusi pande zote kutoka umbali wa sentimita 25 hivi, kwa mikupuo mifupi. Ikikauka, puliza ya kijivu au nyeupe kutoka juu tu, kana kwamba kopo ni jua la saa sita mchana. Hapo hapo utaona weupe umekaa kofiani, mabegani na juu ya mashavu, na weusi umebaki chini ya kidevu na kwapani. Hiyo ndiyo ramani yako ya mwanga, usiipoteze.

Angalia hali ya hewa. Masika moja nilipuliza barazani mara tu mvua ilipokatika, na askari sita wakatoka na chengachenga kama wamemwagiwa mchanga. Niliwaokoa kwa kuwaloweka kwenye asitoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, na kuwasugua kwa mswaki. Kwa madini inafaa. Kwa plastiki usithubutu, itayeyuka.

Hatua ya nne: ngozi

Kabla ya kushika brashi, kama uko Dar es Salaam, nenda Samora ukasimame mbele ya Sanamu ya Askari, iliyopo pale tangu 1927. Ni askari wa upande wa pili, wa Waingereza, lakini kwa kazi yetu ni mwalimu. Nenda mchana. Shaba ile nyeusi inapokea mwanga sehemu chache tu: paji la uso, mfupa wa shavu, mgongo wa pua, kidevu, vifundo vya vidole. Kwingine kote ni giza lenye joto. Ngozi nyeusi hupokea jua hivyohivyo.

Sasa amua ni mtu wa rangi gani. Askari hawa walitoka mbali na mbali: Wasudani walioandikishwa mwanzoni kabisa, Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na wengine wengi. Kikosi cha watu kumi hakiwezi kuwa na ngozi moja. Mimi huwagawa: wachache weusi ti, wengi wa kahawia iliyokoza, mmoja au wawili maji ya kunde.

Kwa askari wa kahawia iliyokoza, anza na kahawia nzito iliyotiwa tone la buluu ya giza. Ongeza maji mpaka rangi iwe na uzito wa maziwa, ipake uso, shingo na mikono, na irudie mara ya pili ikikauka. Tabaka mbili nyepesi zinaacha tundu la pua lionekane. Moja nzito inaliziba.

Tabaka la pili ni kahawia ileile, safari hii bila buluu, ikiwa na nyekundu ya matofali kidogo. Usiguse mashimo ya macho, mstari wa chini ya shavu, wala pembeni ya pua. La tatu, ongeza rangi ya chungwa iliyopauka au ya ngozi ya ngamia, upake zile sehemu chache ulizoziona pale Samora, kwa ncha ya brashi.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanang'arisha kwa nyeupe. Nyeupe ikichanganyika na kahawia inatoa kijivu, na askari anapauka kama mtu aliyetoka kwenye vumbi bila kujipaka mafuta. Mwanga wa ngozi yetu uko upande wa wekundu na dhahabu. Kwa wale weusi ti fanya kinyume kidogo: msingi uwe karibu na nyeusi, na mwanga wa mwisho uwe na buluu au zambarau kwa mbali. Kwa maji ya kunde, anzia pale tabaka la pili lilipoishia.

Kisha mambo madogo yanayomleta mtu. Viganja ni vyeupe kuliko mgongo wa mkono, kwa hiyo kama kiganja kinaonekana kwenye bunduki, kipake kahawia ya waridi. Mdomo wa chini uguse kwa rangi hiyo ikiwa nyepesi mno. Macho usiyatie nyeupe pee, yatamtoa mimacho kama kikaragosi. Tumia rangi ya pembe ya ndovu, mstari mwembamba, na nukta ya kahawia nyeusi inayogusa kope ya juu na ya chini. Ukiona mkono unatetemeka, egemeza viganja vyote viwili pamoja, vuta pumzi, toa, ndipo uguse. Ikishindikana, acha kivuli tu. Ukiwa umbali wa mkono mmoja, kivuli kizuri kinatosha.

Hatua ya tano: sare

Kaki. Baada ya kufuliwa na kupigwa jua, kila mtu ana kaki yake, kwa hiyo badilisha mchanganyiko kidogo kwa kila askari. Ikikauka, mimina kahawia ya maji iingie kwenye mikunjo, kisha rudisha kaki kwenye sehemu zilizoinuka. Tarbushi ina kifuniko cha kaki kinachoshuka kisogoni, na mbele kuna tai wa chuma: nukta moja ya fedha. Mikanda na pochi za risasi ni ngozi ya kahawia. Vitambaa vilivyozungushwa miguuni wachezaji wengi huvipaka buluu iliyofifia, na vinapendeza kando ya kaki.

Bunduki ipe mti wa kahawia nyekundu na mtutu mweusi uliopanguswa fedha kidogo. Kombania nyingi za askari hawa ziliingia vitani na Mauser ya mwaka 1871, iliyotumia baruti nyeusi na kutoa moshi mzito uliomfichua mpigaji. Ukitaka, nyofoa pamba, ichambue mpaka iwe nyepesi, uigundishe mdomoni mwa mtutu.

Hatua ya sita: kitako, vanishi, katani

Paka gundi nyeupe ya mbao kwenye kitako anachosimamia askari, nyunyiza mchanga. Wa pwani uoshe kwanza kwa maji baridi mara kadhaa, chumvi ikibaki inavuta unyevu. Upake rangi ya udongo mwekundu, pangusa juu kwa rangi nyepesi, kisha puliza vanishi siku kavu, kwa masharti yaleyale ya praima.

Majani huja baada ya vanishi. Chukua kamba ya katani, ifumue, kata nyuzi za milimita 6 au 7, kusanya kama kumi, chovya mwisho mmoja kwenye gundi na uzisimamishe nyuma ya kisigino cha askari. Zikishashika, zitawanye kwa ncha ya kisu na upunguze kwa mkasi zile ndefu, zisizidi goti.