Masizi ya Kuni na Joto la Hewa

Kwa wanaopikia kuni hapa Tabora, inafaa kuzipasua vipande vyembamba na kuzianika hadi zikauke kabisa (kuni za miombo zinasifiwa, lakini mbichi hazina sifa yoyote), kisha kuacha uwazi kati ya mafiga ili hewa ipite, kwa sababu miali inayokosa hewa hupoa kabla kaboni haijaungua yote, na masalia yake ndiyo masizi. Yanayoshika sufuria ni kero ya kusugua tu. Yanayopaa hunyonya mwanga wa jua na kuipasha hewa joto. Tofauti na kaboni dioksidi, ambayo sehemu yake hudumu angani kwa karne nyingi, masizi huanguka baada ya siku au wiki chache, hivyo nafuu ya kuyapunguza huonekana mapema.